Ukizongwa na Mawazo: Mwongozo kwa Wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Wengi wanaokuja kuniona kutoka Likoni, Kisauni na Changamwe hawaanzi kwa kusema wana huzuni. Huanza na mwili: kichwa kinagonga, kifua kinabana, tumbo linawaka, usingizi umehama. Wamekwishapima presha, sukari na malaria, wakaambiwa hawana kitu, na bado hawako sawa. Kazi yangu ni tiba ya nafsi kwa mazungumzo, na mwongozo huu nauandika kwa ajili yao na kwa wale wanaoishi nao. Visa nitakavyovitaja nimevichanganya na kuvibadilisha ili asitambulike mtu.

Pwani tumelelewa kwa stara. Ya nyumbani hayatolewi nje, na mtu mzima hatangazi unyonge wake. Ni malezi mema, na sitaki uyatupe. Ila kila mara nakutana na watu walioifanya stara kuwa kufuli: mke analia chooni miezi mingi na mume hana habari, kijana amezama katika madeni na mamake anadhani amekuwa mkimya tu. Kumweleza mtu mmoja mwaminifu, kwa siri, yanayokuzonga si kuvunja stara. Ni kuilinda mapema, kabla mambo hayajafika kwa majirani, kituo cha polisi au wodi ya dharura. Wahenga walishatuonya kwamba mficha maradhi kilio humuumbua.

Jipime kwa wiki mbili

Siku mbaya kila mtu huwa nazo. Ukigombana na mwenye nyumba, ukanyimwa malipo ya kibarua au mtoto akafeli mtihani, ni haki yako kuumia. Swali ni hili: hali hiyo imekaa muda gani, na imekunyang'anya nini?

Kipimo tunachotumia sisi waganga wa nafsi ni wiki mbili. Jiulize kama kwa wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, umekuwa na huzuni au moyo mzito, au umepoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda. Kisha tazama mengine: usingizi umepungua au umezidi, chakula hakipandi, mwili umechoka bila kazi, akili haitulii, unajiona huna thamani, unawaza kifo. Ukiwa na dalili kadhaa kati ya hizi na zimeanza kukuharibia kazi, ibada, ndoa au malezi, hiyo inaweza kuwa sonona. Ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na unatibika.

Wanaume wengi sonona yao haina machozi. Huja kwa hasira za ghafla, kelele kwa watoto, pombe na kutorudi nyumbani mapema. Kwa mama aliyejifungua, kulialia siku chache za mwanzo ni jambo la kawaida. Zikipita wiki mbili na bado hamtazami mtoto, hali, au anasema mtoto angekuwa heri na mama mwingine, msimsubirishe mpaka arobaini iishe. Mpelekeni akaonwe.

Pamoja na hayo, usiruke vipimo vya mwili. Upungufu wa damu na maradhi ya tezi la shingo huweza kuleta uchovu na moyo mzito unaofanana kabisa na sonona.

Moyo ukienda mbio: mfano wa feri

Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa. Tarehe 29 Septemba 2019, gari lilitumbukia baharini kutoka kwenye feri ya Likoni, mama na mwanawe mdogo wakazama, na miili yao ikaopolewa siku ya kumi na tatu, huku nchi nzima ikitazama. Kwa mtu wa ng'ambo ya Likoni haya si ya kusoma gazetini, ni ya kijiji chake na ya njia anayopita kila siku. Sishangai mtu anaponiambia kwamba akiteremka ule mteremko wa kuelekea chomboni mikono hulowa jasho, pumzi hukatika na huona anakufa.

Shambulio la hofu la namna hiyo hupanda haraka, hufika kilele kwa muda wa dakika kumi hivi, kisha hushuka lenyewe. Linatisha sana, lakini haliui. Hata hivyo, kifua kikikubana kwa mara ya kwanza, hasa ukiwa mtu wa makamo au una presha au sukari, nenda hospitali kwanza ukaangaliwe moyo. Ukishahakikishiwa moyo ni mzima, fanya hivi hofu inapopanda:

1. Vuta hewa kwa pua taratibu ukihesabu mpaka nne, uitoe polepole zaidi ukihesabu mpaka sita. Endelea kwa dakika tano. Kutoa hewa kwa muda mrefu kuliko kuivuta ndiko kunakoutuliza mwili.
2. Kanyaga chini kwa nguvu na utaje kimyakimya vitu vitano unavyoviona: kofia ya yule mzee, kikapu cha samaki, chuma cha ukingo, ndege, maji.
3. Usikimbie. Ukikimbia, hofu inajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa, na kesho itakuja na nguvu zaidi.

Kuishinda hofu yenyewe kunataka hatua ndogondogo. Siku za kwanza nenda ukasimame juu ya mteremko, utazame watu wakipanda, mpaka moyo utulie. Kisha teremka na watu mpaka karibu na lango, urudi. Baadaye vuka na mtu unayemwamini saa isiyo na msongamano, tuseme mchana baada ya saa nane. Halafu vuka peke yako saa hiyohiyo, na mwisho asubuhi ya msongamano. Usiruke hatua kabla hujaizoea ile iliyotangulia. Utaratibu huu huu humfaa anayeogopa kupanda matatu baada ya ajali, au anayeogopa kupita uchochoro alikovamiwa kwa mapanga kule Kisauni. Tofauti ni kwamba, pale hatari ingali ipo kweli, badili njia na usiulazimishe moyo.

Usiku wa mawazo

Mawazo hupenda usiku. Mchana kuna kelele za tuktuk na wateja, lakini ukizima taa kila deni huja na jina lake. Jaribu mambo haya kwa wiki mbili bila kukosa:

- Amka saa ileile kila siku, hata kama usiku hukulala.
- Kahawa chungu na chai nzito ziishe alasiri. Muguka na miraa hufukuza usingizi saa nyingi baada ya kutafuna.
- Simu ilale mbali na kitanda. Ukiitumia kama saa, tafuta saa nyingine.
- Jioni, kabla ya magharibi au baada ya chakula, tenga nusu saa ya kuwaza. Keti na daftari, andika kila kinachokusumbua, na mbele yake andika hatua moja utakayochukua kesho. Yakija usiku wa manane, yaambie yangoje zamu yake.
- Ukikaa kitandani muda mrefu bila usingizi, inuka, keti barazani au sebuleni kwa mwanga hafifu, na urudi usingizi ukikujia.

Kazi ikikatika

Changamwe imeona mengi. Mwaka 2013 kiwanda cha kusafisha mafuta kiliacha kusafisha mafuta ghafi. Mwaka 2017 reli ya SGR ilianza kazi, na amri ya serikali iliyofuata ya kulazimisha makontena yasafirishwe kwa reli iliwakosesha riziki madereva, mataniboi, makanika, wapakiaji na mama lishe waliowauzia chakula. Amri hiyo iliondolewa Septemba 2022, lakini si kila aliyeanguka alisimama.

Namfikiria baba mmoja aliyesimamishwa kazi kwenye yadi ya makontena. Kila asubuhi alivaa shati la kazi, akaning'iniza kitambulisho shingoni, akamuaga mkewe, akaenda kuketi stejini mpaka jioni. Alirudi amechoka kweli, kwa sababu kuficha ni kazi. Aliyemponya mwanzo hakuwa mimi. Alikuwa mkewe, siku alipomwambia: "Baba Fulani, najua tangu mwezi ule. Tule tulicho nacho, lakini usinikalie mbali."

Ukiwa katika hali hiyo, anza kwa kutenganisha mambo mawili: kukosa pesa na kukosa thamani. La kwanza ni tatizo la mfuko, na la pili ni maneno unayojiambia. Chukua karatasi, uigawe mara mbili. Upande mmoja andika yaliyo ndani ya uwezo wako: kumweleza mke, kuzungumza na mwenye nyumba kabla hajakujia, kuorodhesha mikopo yote ya simu na kuacha kukopa huku ili kulipa kule, kuuliza kazi mahali pawili kwa wiki. Upande wa pili andika yaliyo nje ya uwezo wako: bei ya mafuta, amri za serikali, maneno ya shemeji. Nguvu zako za kesho zote ziende upande wa kwanza.

Pili, ipe siku yako umbo. Aliyekosa kazi hukosa pia sababu ya kuamka, kuoga na kukutana na watu, na sonona huingia hapo. Panga kila siku jambo moja la mwili, kama kutembea au kucheza mpira na vijana, jambo moja la manufaa, kama kumsindikiza mtoto shule au kurekebisha paa, na jambo moja la watu, kama baraza, jumuiya au chama. Usingoje moyo upate hamu. Tenda kwanza, na hamu huja nyuma.

Na usitafute kupona kwenye michezo ya kubahatisha ya simu. Mwenye sonona hubashiri ili kupata saa moja ya matumaini, na deni la saa ile humlaza macho mwezi mzima.

Msiba, na msiba usio na kaburi

Sisi tunajua kuomboleza. Matanga, hitima, ibada ya arobaini, eda ya miezi minne na siku kumi kwa mjane wa Kiislamu: yote yanaupa uchungu muda na watu wa kuubeba. Shida huanza watu wakishatawanyika. Weka ahadi na nafsi yako kwamba utamtembelea mfiwa mwezi wa tatu na wa sita, wakati sufuria za msiba zimesharudishwa. Ikiwa mwaka umepita na mfiwa bado hawezi kugusa maisha, hali wala hatoki, huyo anahitaji msaada wa mtaalamu.

Kuna uchungu mwingine hapa Pwani usiokuwa na utaratibu. Kwa miaka mingi mashirika ya haki za binadamu kama MUHURI na HAKI Africa yamekuwa yakiorodhesha watu, wengi wao vijana, waliochukuliwa na watu wasiojulikana na wasirudi. Nyumbani amebaki mama asiyejua kama aombee maiti au aombee aliye hai. Mtafiti wa Marekani, Pauline Boss, aliyewachunguza jamaa za wanajeshi waliopotea vitani Vietnam, alionyesha kwamba msiba wa namna hii huganda kwa sababu hauna mwisho. Hawa wazazi hawana udhaifu wa imani. Hali yenyewe ndiyo isiyo ya kawaida.

Ukiwa mmoja wao, usikubali kulazimishwa kuchagua. Unaweza kumtumaini mwanao na kumlilia, yote mawili kwa siku moja. Weka wakati maalumu wa kumkumbuka: dua, mshumaa, chakula alichokipenda. Endelea kuifuatilia kesi ukitaka, lakini uwe na siku ambazo hujibu simu za kesi. Na tafuta wenzako walio katika hali hiyo, kwa sababu wao hawatakuuliza maswali ya kukuumiza. Wewe jirani, usimwambie asahau. Mwite mwanawe kwa jina lake.

Muguka, pombe na unga

Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka katika kaunti ya Mombasa, na mzozo ukafika mahakamani. Lolote litakaloamuliwa na wakubwa, mimi nakuuliza jambo dogo: unatumia kwa ajili ya starehe, au kwa ajili ya kunyamazisha kitu? Kijana anayetafuna ili asisikie huzuni na kisha anakunywa ili apate usingizi ana matatizo mawili, na hawezi kutibu moja akaliacha lingine.

Kwa wenye kutumia unga, yaani heroini, Kisauni kuna kliniki ya umma inayotoa methadone, dawa ya kuwasaidia kuuacha, na mashirika ya Reachout na MEWA yamefanya kazi hii Mombasa kwa miaka mingi. Simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192. Usimfungie mtoto wako chumbani ukidhani unamtibu, na mnywaji wa kila siku asiache pombe ghafla bila daktari, kwa kuwa anaweza kupata degedege.

Sheikh, mchungaji na mganga

Familia nyingi hupitia kwa sheikh, mchungaji au mganga kwanza, na sitakulaumu. Kisomo na maombi humpa mtu utulivu na jamaa ya kumzunguka, na vyote viwili husaidia kupona. Ninachokuomba ni kuangalia mipaka mitatu. Asifungwe minyororo wala kupigwa. Asinyimwe chakula. Asiachishwe dawa za hospitali. Anayevunja mmoja wapo, mwondoe mgonjwa hapo leo. Na kama mgonjwa anasikia sauti wasizozisikia wengine, halali siku kadhaa, anaongea bila mpangilio au anatishia watu, hospitali iwe ya kwanza na kisomo kifuate, wala havipingani.

Chagua mtu mmoja

Huhitaji kuuambia mtaa. Chagua mtu mmoja mwenye sifa tatu: siri za wengine hakuletei wewe, hakimbilii kutoa hukumu, na unaweza kumpata kwa urahisi. Anaweza kuwa somo yako, ami, mwalimu wa madrasa, mama wa kanisa, au mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba.

Fungua hivi: "Ami, kuna jambo linanielemea. Sitaki unitatulie leo, nataka unisikilize nusu saa, na libaki kwetu wawili." Ukimwambia mapema unachotaka, unampunguzia naye mzigo wa kutafuta jawabu.

Wewe unayesikiliza, usiseme "wengine wana makubwa kuliko yako". Usiseme "jikaze" wala "muombe Mungu" kama njia ya kufunga mazungumzo. Sema "pole", kisha uliza: "Imeanza lini? Ni saa zipi zinakuwa ngumu zaidi? Nikusaidie nini wiki hii?" Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi kusikiliza wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida, na mpango huo ukavuka ukafika hadi Zanzibar. Likoni na Kisauni hatujapungukiwa na bibi wala baraza. Tumepungukiwa na usikivu tu.

Ukifika hospitali

Kwa Mombasa, kitengo cha afya ya akili kipo hospitali ya Port Reitz, Changamwe. Ukianzia zahanati ya mtaani kwako, waombe barua ya kukupeleka huko. Nenda na mtu anayekujua, na orodha ya dawa zote unazotumia, za mitishamba zikiwemo. Bima ya afya ya SHA imechukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, kwa hiyo jisajili kabla hujaumwa na uulize mapema kinacholipiwa.

Ukipewa dawa za sonona, tambua kwamba huchukua wiki mbili hadi sita kufanya kazi, na usiziache ghafla ukijisikia nafuu. Ukienda kwa mshauri nasaha wa kulipia, muulize kama amesajiliwa. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yanakupa haki ya kushirikishwa katika matibabu yako na kutunziwa siri.

Mtu akisema amechoka kuishi

Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimtii mtu wazo kichwani; humfungulia mlango wa kusema. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa karibu naye sumu, dawa na chochote cha kujidhuru, na mpeleke hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo. Usimkemee kwa dhambi wala aibu. Msalaba Mwekundu hupokea simu bure kwa nambari 1199, na Befrienders Kenya kwa 0722 178 177. Mtoto anaweza kupiga 116, na anayepigwa au kunajisiwa 1195.

Familia nyingi zilikuwa zikificha jaribio la kujiua kwa kuogopa polisi, maana kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kililifanya kuwa kosa la jinai. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa hiyo usimfiche mgonjwa wako nyumbani.

Ndugu msomaji, kabla hujalala leo chagua jina moja. Likiwa ni la mtu wa kumweleza yako, mpigie kesho. Likiwa ni la mtu aliyenyamaza siku hizi, nenda kwake ukamuulize hali, na usikubali jibu la "salama" mara ya kwanza.